Fungu la Adhabu

Thamani ya mikono ya Tumpe Mwasanguti ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya kijani, na karatasi yenyewe ilikuwa juu ya meza ya jikoni, imekandamizwa na kopo la chumvi isije ikapeperuka. Milioni mia mbili. Mumewe Asajile alikuwa ameisoma mara nne tangu kulipokucha, na kila akiimaliza aliilaza mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Tia sahihi, Mama Atu," alisema. "Tia sahihi yaishe."

Tumpe alikuwa akiipua chai. Aliishika sufuria kwa mikono mitupu, akaibeba hadi mezani, akamimina vikombe viwili bila kumwaga tone. Asajile aliruka na kitambaa akampokonya. Viganja vilikuwa vimeshaiva wekundu, na mwenyewe hana habari. Miezi kumi na tano sasa mikono ile haikujua moto wala barafu, na kama Tumpe asingeiangalia, asingejua hata kama bado imeshika kitu.

"Unaona?" Asajile alisema. "Unaona sasa?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Yeye ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya gauni kila asubuhi, akimkatia nyama, akimsuka nywele kwa vidole vya mwashi ambavyo havikuumbwa kwa kazi hiyo. Shamba lao la parachichi walikwisha kuliuza ili kesi iende. Ndugu walichanga hadi wakaanza kupita njia nyingine. Hospitali ya mishipa ilikuwa imesema wazi: mishipa mipya inaweza kuoteshwa, milioni tisini na tano kwa kila mkono, lakini isipite miezi kumi na minane tangu kuungua. Baada ya hapo nyama huwa imekwisha kusahau. Miezi mitatu ilikuwa imebaki.

Ili uelewe kwa nini mwanamke mwenye akili timamu alikuwa anaiangalia karatasi ile kama sahani ya chakula kilicholala, lazima ujue joho.

Pale Ikombelo, ambapo mvuke hutoka chini ya mlima na kugeuzwa umeme wa nusu ya nyanda za juu, hakuna anayekaribia valvu bila joho. Ni vazi la kijivu, jepesi, limefumwa kwa nyuzi zenye hisi zake zenyewe, na kazi yake ni kumeza maumivu kabla hayajafika kichwani. Aliyelivaa husimama mahali ambapo mtu wa kawaida angekimbia akipiga mayowe. Zamani joho lilipima lenyewe joto la ngozi, na likiona limezidi, liliifunga valvu. Valvu zilifungwa mara arobaini kwa siku, na kampuni ikawa inalia hasara. Ndipo meneja Mwalukasa, mtoto wa hapo hapo Ikombelo, akaleta maboresho. Kipimo kikaondolewa. Badala yake, kila nusu saa, joho lilimuuliza mvaaji kwa sauti laini ya mama mtu mzima: "Habari za mwili?" Akijibu nzuri, kazi inaendelea. Akijibu vinginevyo, valvu inafungwa.

Haya, niambie wewe. Nani aliyelelewa akaulizwa habari akajibu mbaya? Hata msibani, maiti ingali ndani, mgeni huuliza habari za hapa, na mfiwa hujibu nzuri, ndipo aeleze nani amefariki. Valvu zikaanza kufungwa mara mbili kwa wiki, na Mwalukasa akapandishwa cheo.

Tumpe alijibu nzuri kwa miaka sita. Siku ile mvuke ulipopenya kwenye mishono ya mikono, joho lilimeza maumivu yote, likamsalimia mara tatu, naye akajibu mara tatu. Alipojibu mara ya tatu, ngozi ilikuwa imeshabaki ndani ya glavu. Hakuwa ameongopa hata kidogo. Alikuwa amesalimiwa tu, akaitikia.

Mlango ukagongwa. Aliingia Lugano, kijana wa miaka thelathini aliyefundishwa kazi ya valvu na Tumpe mwenyewe, na ambaye kila akitoka zamu alipita kumwona. Alikuwa na mfuko wa parachichi.

"Hodi, dada. Shemeji, shikamoo."

"Marahaba. Karibu chai."

"Habari za kazi?" Tumpe aliuliza.

"Nzuri tu, dada. Tunamshukuru Mungu."

Aligeuka kuweka parachichi dirishani, na Tumpe akaliona sikio lake. Ukingo wote wa juu ulikuwa umejaa malengelenge, moja limeshapasuka, na maji yanatiririka shingoni mpaka kwenye kola. Joho likivuliwa, ganzi yake hubaki mwilini hadi zamu inayofuata; hukatika tu joho lenyewe likizimwa. Lugano alikuwa amekaa kitini akipuliza chai yake, hajui lolote.

"Leo joho limekuuliza mara ngapi?" Tumpe alisema.

"Kama kawaida. Kila nusu saa."

"Ukalijibuje?"

Lugano alicheka. "Dada naye! Mtu akikusalimia utamjibuje?"

Asajile aliliona sikio. Kisha alimwona mkewe, naye alimjua mwanamke huyu tangu wakiwa na miaka ishirini. Tumpe alisukuma kopo la chumvi kwa kiwiko, akaichukua karatasi ya kijani, akaisoma kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ilikuwa na mistari michache tu. Fungu la Mwili, milioni mia mbili. Fungu la Kazi, sifuri. Fungu la Adhabu, sifuri.

"Usiniangalie hivyo, Mama Atu," Asajile alisema.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana naogopa."

*

Ofisi ya Mgawanyo ilikuwa Tukuyu, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbolea. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Tukuyu, isiyo na haraka kwa sababu inajua itashinda. Mezani alikuwa ameketi mgawanyi wa serikali, Severini Kahabuka, mzee wa miaka sitini na kitu, mkavu wa maneno, aliyegawa fidia za watu kwa miaka ishirini na mbili. Siku hiyo shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kama ameficha andazi.

"Shikamoo, mgawanyi," Tumpe alisema.

"Marahaba, mama. Habari za safari?"

"Nzuri. Habari za hapa?"

"Nzuri tu, nzuri kabisa. Karibuni mkae."

Upande wa pili alikuwa Yusta Ndimbo, wakili wa kampuni, mwanamke mdogo kwa umri aliyevaa suti ya bluu na viatu vilivyolowa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekuja na kalamu maalumu ya kidoleni, inayosoma sahihi ya mtu asiyeweza kushika kalamu sawasawa, na alikuwa ameijaribisha mwenyewe njiani ili isije ikamwaibisha Tumpe.

Kahabuka alifungua jalada, akaliegemeza shavu kwenye kiganja. "Nieleze kwa kifupi, maana sheria inanitaka nieleze. Jumla mmeshakubaliana mahakamani, hairudi nyuma: milioni mia mbili. Kilichobaki ni kusema hela hii ni ya nini. Mama, ukiungua ukalipwa, serikali haikugusi. Umerudishiwa ngozi yako, hujapata faida. Hilo ndilo Fungu la Mwili. Hata majonzi yaliyotokana na jeraha hulifuata jeraha, kama ndama na mama yake, nayo hayakatwi kodi. Fungu la Kazi ni mshahara uliokosa. Mshahara ungekatwa kodi, kwa hiyo huo nao unakatwa, moja ya tano."

"Na la Adhabu?" Tumpe aliuliza.

Ndimbo aliacha kuandika.

"Adhabu hailipii kitu ulichopoteza," Kahabuka alisema. "Ni hela ya kumchapa aliyekosa. Wewe kwako ni ziada, na serikali inachukua nusu. Kuna na fungu la nne ambalo watu hawalitaji, la Amani. Hiyo ni hela ya kununua ukimya wako, bila mtu kukiri kosa. Nayo nusu yake inakwenda."

"Kuna jambo jingine kuhusu Adhabu hujalisema, mzee."

Mgawanyi alimtazama juu ya miwani. "Umesoma sheria."

"Mume wangu alinishikia kitabu. Mimi nikasoma."

"Basi useme mwenyewe."

"Shilingi moja ikiingia Fungu la Adhabu," Tumpe alisema, "mashine iliyosababisha inazimwa kila ilipo, mpaka ichunguzwe. Joho liko vituo kumi na viwili."

Ndimbo aliweka kalamu ya kidoleni mezani, mbele ya Tumpe, kwa upole. "Bi. Mwasanguti, tuseme ukweli. Kampuni imekubali yote yaingie la Mwili ili usikatwe hata senti. Mia mbili. Mikono miwili ni mia na tisini. Kumi inabaki ya nauli na kukaa hospitali. Nimezipiga hesabu mwenyewe, kwa nia njema. Ukikataa mgawanyo huu, mashine ya Mizani ndiyo itapima, na Mizani haina nia njema wala mbaya. Utapata mkono mmoja, ukibahatika."

"Najua."

"Na Mizani itasoma kumbukumbu ya joho. Kumbukumbu yako yote. Unajua ina nini ndani."

Tumpe alijua. Ilikuwa na nzuri tupu.

"Wakili hakutishi, mama," Kahabuka alisema. "Mizani ikikubali majibu yale, itasema mwili ulikuwa mzima mpaka dakika ya mwisho, na mwenye mwili alithibitisha. Fungu la Mwili litakuwa dogo, kubwa litakuwa la Amani. Utakatwa nusu, utabaki na mkono mmoja kwa taabu, na Adhabu itakuwa sifuri vile vile. Utakuwa umeupoteza mkono bure."

Asajile, ambaye alikuwa amekaa kando ya mlango na kofia magotini, alisimama.

"Mimi si msomi," alisema. "Lakini Mama Atu, nimekufunga vifungo miezi kumi na tano. Sijalalamika hata siku moja. Leo nalalamika. Nataka uamke asubuhi ushike uso wangu ujue ni uso. Hao wa vituo kumi na viwili, wana wake zao na waume zao. Watajitetea."

Maneno yale yalimchoma Tumpe mahali ambapo joho halikuwahi kufika. Yalikuwa kweli. Alitamani mikono miwili kama mwenye kiu anavyotamani maji. Usiku aliota anachambua maharage, akiyasikia moja moja. Lakini kila alipofumba macho kwenye kiti kile, aliliona sikio la Lugano, na Lugano akipuliza chai.

"Watajiteteaje, Baba Atu, kama hawajui kuwa wanaungua?" alisema. "Lugano nilimfundisha mimi. Nilimwambia joho likikuuliza, jibu upesi usilicheleweshe. Mimi ndiye niliyemwambia."

Asajile alikaa chini.

Tumpe aliisukuma kalamu kwa kiwiko, ikabingirika hadi upande wa wakili. "Ipimwe," alisema.

*

Mizani ilikuwa chumba cha ndani: meza ya jiwe jeusi yenye mashimo mawili ya mikono kila upande, na sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilisoma mambo matatu, mwili wa mdai, kumbukumbu ya mashine, na kila lililosemwa tangu wahusika walipovuka mlango wa ofisi. Iliwekewa sikio mlangoni kwa sababu watu wengi husema kweli kabla hawajaketi.

Tumpe aliingiza mikono. Hakusikia jiwe. Alijua imefika chini kwa kuona tu.

"Mikono yote, mishipa imekufa hadi juu ya kifundo," Mizani ilisema. "Jeraha ni la kweli. Sasa kumbukumbu ya joho. Katika miaka sita mdai aliulizwa habari za mwili mara elfu ishirini na sita na mia nane. Alijibu nzuri mara zote. Siku ya tukio aliulizwa mara tatu. Alijibu nzuri mara tatu."

Ndimbo aliinamisha macho. Haikumpendeza, lakini alikuwa amelipwa kwa ajili ya dakika hiyo.

"Makadirio ya kwanza," Mizani iliendelea. "Mwili, arobaini. Amani, mia na sitini. Adhabu, sifuri. Kuna anayepinga?"

Asajile alifunika uso kwa kofia.

"Mimi napinga," Tumpe alisema. Aliikandamiza miguu chini ya meza, akafurahi kuwa angalau sakafu anaisikia. "Naomba uturudishie maneno ya asubuhi. Pale mlangoni, mimi na mgawanyi."

Sauti yake mwenyewe ilitoka kwenye jiwe: *Habari za hapa?* Kisha ya Kahabuka: *Nzuri tu, nzuri kabisa. Karibuni mkae.*

"Mgawanyi," Tumpe alisema, "samahani sana, wewe ni mkubwa kwangu. Naomba uweke mkono wako hapa."

Kahabuka alishtuka. Katika miaka ishirini na mbili hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. Mgawanyi hupima, hapimwi. Aliinua mkono kukataa, lakini shavu likarusha maumivu makali hadi kwenye jicho, na kwa sekunde ile alielewa mwanamke huyu anakwenda wapi. Alikuwa na miezi saba kabla ya kustaafu. Kampuni ingeweza kuandika barua ya kumshtaki kwa upendeleo na kumharibia mafao. Alilifikiria hilo, kwa haki yake yote.

"Sheria inasema nani anaweza kupimwa?" aliiuliza Mizani.

"Yeyote aliyemo chumbani, kwa hiari yake."

"Pingamizi!" Ndimbo alisema. "Mgawanyi si mhusika!"

"Kwa hiari yangu," Kahabuka alisema, akaingiza mkono.

Mizani haikuchukua hata pumzi moja. "Jino la chini, kushoto, la tatu kutoka nyuma. Usaha umefika kwenye mfupa. Maumivu makali mno, siku ya tatu sasa. Saa tatu na dakika kumi alikuwa katika maumivu haya haya."

"Na saa tatu na dakika kumi nilimuuliza habari," Tumpe alisema. "Akasema nzuri kabisa. Basi mgawanyi wa serikali ametoa ushuhuda wa uongo ofisini kwake?"

"Lakini huo si ushuhuda!" Ndimbo alisema kwa haraka ya mtu anayejua kujibu hoja. "Ile ilikuwa salamu tu, kila mtu..."

Mkono wake ulikwenda mdomoni, ukachelewa.

Kwa chini walisikia mtu akivuta gunia la mbolea kwenye sakafu ya duka. Kahabuka alitoa mkono wake jiweni, akatoa leso, akafuta jasho la uso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alilishika shavu lake waziwazi na kuguna.

"Imepokelewa," Mizani ilisema. "Jibu la salamu si ushuhuda wa mwili. Majibu elfu ishirini na sita na mia nane yanaondolewa. Swali kwa wakili. Kipimo cha joto kilichokuwapo kwenye joho kiliondolewa na nani?"

Wakili yeyote aliyeingia chumba kile alikuwa ameapa kujibu. Ndimbo akajibu. "Meneja wa kituo. Bwana Mwalukasa."

"Maneno ya swali yalichaguliwa na nani?"

"Yeye."

"Yalijaribiwa maneno mengine?"

Ndimbo alimtazama Tumpe, halafu mikono ya Tumpe. "Yalijaribiwa," alisema polepole. "Waliotengeneza joho walipendekeza liulize, *Unaungua?* Kituoni wakalijaribu wiki moja. Valvu zilifungwa kama zamani. Likabadilishwa."

"Bwana Mwalukasa ni mzaliwa wa wapi?"

"Ikombelo."

Hapo Asajile alitoa sauti. Haikuwa neno. Mwalukasa alikuwa amekula harusini kwao, akapewa paja la kuku, akaulizwa habari za nyumbani akajibu nzuri ilhali mama yake alikuwa amelazwa. Asajile na Tumpe walilikumbuka hilo na hakuna aliyewahi kulishangaa.

"Mgawanyo," Mizani ilisema. "Mwili, milioni themanini. Kazi, ishirini. Amani, sifuri. Adhabu, mia moja. Mashine izimwe vituo vyote kuanzia sasa hadi ichunguzwe. Mdai bado anaweza kuukataa mgawanyo huu na kurudi kwenye karatasi ya kijani, kama upande wa pili unaafiki. Upande wa pili?"

Ndimbo alifunga macho. "Unaafiki," alisema. "Bado unaafiki, Bi. Mwasanguti. Mia mbili, bila kukatwa. Mpaka utakaponyanyua mikono yako hapo."

Kahabuka hakuambiwa apige hesabu, lakini alizipiga kwa sauti, kwa sababu ndiyo kazi yake na hakutaka mtu aje aseme baadaye kuwa hakujua. "Adhabu, serikali inachukua hamsini. Kazi, inachukua nne. Unabaki na mia na arobaini na sita. Mkono mmoja, mama, na hamsini na moja juu. Hospitali wanataka tisini na tano ya pili ndani ya miezi mitatu. Haitoshi. Nikisema pole nitakuwa nakudhihaki, lakini pole."

Tumpe aliitazama mikono yake ndani ya jiwe. Alimtafuta mumewe kwa macho. Asajile alikuwa ameishusha kofia, uso wake umelowa, na hakuwa anajificha tena. Hakutikisa kichwa kukataa, na hakukubali pia. Alimwachia, na Tumpe alimpenda kwa hilo kuliko alivyowahi kumpenda siku yoyote, na ilimuuma kwamba asingeweza kumpa alichoomba.

Alinyanyua mikono.

*

Walishuka ngazi pole pole. Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Nyuma yao Kahabuka alitoka na mwavuli, akawapita akikimbilia kwa daktari wa meno na leso mdomoni, na alipofika barabarani aligeuka, akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda zake.

Simu ya Asajile ililia. Alikuwa Lugano, na alikuwa akipiga kelele hivi kwamba wote wawili walimsikia bila spika.

"Shemeji! Dada yupo? Wamezima majoho yote, katikati ya zamu! Dada, sikio! Sikio langu linawaka moto, na mgongo, mgongo nao, kumbe mgongo! Uwii, dada, nakufa!"

"Hufi," Tumpe alisema, machozi yakimtoka na huku anacheka. "Mwagia maji ya baridi, yasiwe barafu. Nenda zahanati sasa hivi. Wengine?"

"Wote wanalia huku! Mzee Mwaipaja amekaa chini analia kama mtoto, mguu wake..."

"Waambie wote waende. Wasikae kusalimiana."

Simu ikakatika. Walisimama chini ya kibaraza cha duka la mbolea. Mtu mmoja aliyebeba mche wa mgomba alipita, akawasalimia kama inavyopasa, "Habari za mchana?", na midomo ya Tumpe ikaanza kufunguka yenyewe. Aliifunga. Mtu yule alisubiri kidogo, akashangaa, akaendelea na safari.

Asajile alikuwa anatazama mvua.

"Upi?" aliuliza hatimaye. "Watakuuliza hospitali. Kulia au kushoto?"

"Wa kulia. Ndio unaolala upande wako."

Asajile aliitikia kwa kichwa. Alimfunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka shingoni, akakikosa mara mbili kabla hakijaingia. Tumpe alisubiri mpaka alipomaliza, kisha akamtazama usoni.

"Baba Atu. Habari?"

Asajile alimnyoosha kola ya koti.

"Mbaya," alisema. "Mbaya sana, Tumpe."

"Na mimi mbaya," alisema Tumpe, akapitisha mkono wake wa kushoto kwapani mwa mumewe, akiuangalia mpaka alipohakikisha umeshika, wakaingia mvuani.